Kufuli la Kiwanda na Ufunguo wa Mnunuzi

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumekuwa tukiulizwa, hasa na walimu vijana wanaosomesha kompyuta katika madrasa zetu, juu ya jambo ambalo vitabu vya fiqhi havikulitaja kwa jina lake, ingawa, kama tutakavyoona inshaallah, havikuliacha. Mtu amenunua kompyuta au simu kwa mali yake ya halali, amelipa thamani yote na amekabidhiwa. Kisha anataka kuuondoa mfumo endeshi uliokuja nayo na kuweka mwingine, au kuweka programu aliyoiandika mwenyewe. Kifaa kinakataa. Si kwamba hakiwezi. Kinakataa kwa sababu kiwanda kimekifunga na ufunguo kimebaki nao. Je, muuzaji ana haki hiyo?

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya mafundi, hayana mlango katika fiqhi. Ndugu msomaji, tunaomba subira yako. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haiungi mkono kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Mashine hizo hazikufa. Zinaweza kufanya kazi miaka mingine mingi kwa kuwekewa Linux, ambayo hutolewa bure na kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Kwa njia hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili, na kwa njia hiyo Waislamu wenye ujuzi walitengeneza Sabily, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu kuanzia mwaka 2007 hadi 2011, ukiwa na msahafu na nyakati za sala ndani yake. Haya yote yaliwezekana kwa sababu moja tu: mlango wa kompyuta ulikuwa wazi, na mwenye mashine aliingiza alichotaka. Mlango ukifungwa, kompyuta ya madrasa iliyonunuliwa kwa sadaka za watu itakuwa hai au maiti kwa uamuzi wa aliyeiuza.

Kufuli hili limetoka wapi

Kompyuta inapowashwa, kinachoamka kwanza si Windows wala Linux. Ni programu ndogo iliyokaa ndani ya ubao mama, ambayo kazi yake ni kuvikagua viungo vya mashine, kisha kuukabidhi usukani kwa mfumo endeshi. Kwa miaka mingi programu hii haikuuliza swali lolote. Aliyekutwa mlangoni ndiye aliyekabidhiwa. Hapo wahalifu wakapata mwanya, wakaandika virusi vinavyojipachika kabla ya mfumo endeshi, na kirusi kilichoamka mapema kuliko mlinzi si rahisi mlinzi kukikamata. Basi mwaka 2011 katika kanuni za UEFI, ambazo watengenezaji wa kompyuta wamekubaliana juu yake, ukawekwa utaratibu uitwao Secure Boot. Kila programu inayotaka kuamka lazima iwe na saini, na saini hii si ya wino bali ni hesabu ngumu ambayo haiwezi kughushiwa bila ya ufunguo wa siri. Mashine ina orodha ya saini inazozikubali. Isiyomo katika orodha hairuhusiwi kupita.

Mpaka hapa hakuna ubaya, bali ni jambo zuri, kwani kuhifadhi mali ni katika makusudio ya sharia. Tatizo ni nani anayeishika orodha. Mnamo Septemba 2011 ilibainika kuwa Microsoft itawataka watengenezaji wote wanaotaka nembo ya Windows 8 waziuze kompyuta zao zikiwa zimewashwa kufuli hilo. Matthew Garrett, mhandisi aliyekuwa kampuni ya Red Hat, alitoa tahadhari kwamba kiwanda kikiweka ufunguo wa Microsoft peke yake, na kisiweke njia ya kulizima kufuli, basi mwenye kompyuta hataweza kuweka Linux kabisa. Kelele zikawa nyingi, na Free Software Foundation, taasisi ya kutetea programu huru, ikaanza kukusanya saini za watu.

Mwezi Desemba 2011 masharti ya nembo yalipotoka, yalikuwa na nyuso mbili. Kwa kompyuta za kawaida, zenye vichakato vya aina ya Intel na AMD, kiwanda kililazimishwa kumpa mwenye mashine, akiwa mbele yake, njia ya kulizima kufuli na hata kuweka funguo zake mwenyewe. Kwa vifaa vyenye vichakato vya ARM, ambavyo ndivyo vilivyomo katika simu na vibao vya kisasa, kiwanda kilikatazwa kuweka njia ya kulizima. Kampuni ni ileile, kufuli ni lilelile, sababu iliyotajwa ya usalama ni ileile, lakini mnunuzi mmoja akapewa ufunguo na mwingine akanyimwa. Tunauomba mfano huu ukae akilini mwa msomaji, maana ndio utakaotuonyesha kuwa usalama na kunyimwa ufunguo ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa.

Watu wa Linux hawakukaa kusubiri. Fedora 18, iliyotoka Januari 2013, ilipitisha kipande kidogo cha programu kilichotiwa saini na Microsoft yenyewe, kwa ada ya dola 99 inayolipwa mara moja, kisha kipande hicho kikaifungulia Linux. Ni hila halali na ilifanya kazi. Lakini tazama maana yake: ili mtu aweke programu yake katika mali yake, imebidi apitie kwa mshindani wake kuomba idhini. Na mwaka 2015, Windows 10 ilipotoka, ile njia ya kuzima kufuli haikuwa tena lazima kwa watengenezaji wa kompyuta za kawaida, ikaachwa kwa hiari yao. Kompyuta nyingi bado zinayo. Ila kilichokuwa haki ya mnunuzi kikageuka kuwa hisani ya kiwanda.

Ufunguo hufuata kufuli

Sasa tuingie katika fiqhi. Kuuziana, kwa maulamaa wote, ni kuhamisha milki ya kitu kwa thamani. Na aliyemiliki kitu anakitasarufu apendavyo maadamu hamdhuru mwingine. Majalla ya dola ya Kiosmani, iliyokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, imeliweka jambo hili katika kifungu cha 1192. Sisi watu wa pwani hatukuhukumiwa kwa Majalla. Sisi ni watu wa Minhaj ya Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria). Lakini katika hili vitabu vyote viwili vinakwenda njia moja.

Na viwili hivyo vinakutana pia katika mas'ala madogo ambayo wanafunzi wetu huyapita haraka. Imam an-Nawawi, katika mlango wa kuuza mashamba na matunda, anapohesabu vitu vinavyoingia katika mauzo ya nyumba hata kama havikutajwa, anataja kuwa ufunguo wa komeo lililopachikwa mlangoni unaingia, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ufunguo wenyewe haukupachikwa. Unabebwa mfukoni, na mtu angeweza kusema kuwa ni kama kiti au mkeka, hubaki kwa muuzaji. Wakakataa. Wakasema ufunguo unalifuata komeo, kwa sababu komeo lisilo na ufunguo halina manufaa kwa mwenye nyumba. Majalla nayo, katika kifungu cha 231, inasema hivyohivyo juu ya kufuli linapouzwa: ufunguo huingia ndani ya mauzo ingawa haukutajwa.

Tukilipima suala letu kwa kipimo hiki, jibu linakaribia kujitokeza lenyewe. Kiwanda kimeuza mashine yenye komeo lililopachikwa ndani yake. Hatusemi kiling'oe. Hatusemi kuwa kuweka kufuli ni haramu, kama walivyosema baadhi ya vijana wenye hamasa. Tunasema kuwa komeo limeuzwa pamoja na nyumba, basi na ufunguo wake ni wa mnunuzi. Akitaka kumwachia kiwanda amlindie, na wengi watataka hivyo kwani hawana ujuzi, huo ni uwakala, na wakala huondolewa na aliyemweka pindi atakapo. Ndivyo zilivyokuwa kompyuta za kawaida za mwaka 2012. Vile vifaa vya ARM vilikuwa kinyume chake.

Pingamizi lenye nguvu

Mtu wa upande wa pili anaweza kusema: hili si sharti wala si ufunguo ulionyimwa, hii ni sifa ya kitu chenyewe. Muuzaji ameuza kifaa kinachofanya kazi kadhaa, na hakuahidi kuwa kitafanya nyingine. Aliyenunua saa hawezi kudai kuwa mbona haipiki chai. Pingamizi hili lina uzito, na tumeona baadhi ya waandishi wakilipita kana kwamba halipo.

Jibu letu ni kutofautisha baina ya kisichoweza na kilichozuiwa. Saa haiwezi kupika chai. Hakuna mtu aliyeizuia. Lakini kifaa kilichofungwa kina uwezo uleule wa kuendesha programu yoyote, na kinaiendesha mara moja ikiwa imetiwa saini na mwenye ufunguo. Maana yake manufaa yamo ndani ya mali iliyouzwa, na muuzaji amejibakishia idhini ya kuyatumia. Huko ni kujibakishia baadhi ya manufaa ya kitu kilichouzwa, na hilo wanachuoni wamelizungumza sana.

Imesimuliwa kuwa Abdul-Warith bin Said aliwakuta Abu Hanifa, Ibn Abi Layla na Ibn Shubruma, akamuuliza kila mmoja juu ya mtu aliyeuza kitu na kuweka sharti. Wa kwanza akasema mauzo ni batili na sharti ni batili. Wa pili akasema mauzo yanasihi na sharti ni batili. Wa tatu akasema yote mawili yanasihi. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Abu Hanifa aliegemea katazo la kuuza pamoja na sharti. Ibn Abi Layla aliegemea kisa cha Barira. Ibn Shubruma kisa cha ngamia wa Jabir. Wanazuoni wa hadithi wameitia ila sanadi ya kisa hiki na hata ya lile katazo kwa tamko hilo, lakini visa viwili vya mwisho vimo katika Bukhari na Muslim, na ndivyo vinavyotuhusu.

Katika kisa cha Barira, wenyewe walikubali kumuuza kwa Bibi Aisha (r.a.) ili amwache huru, lakini wakashurutisha kuwa walaa, yaani ule uhusiano wa haki unaozaliwa na kuachwa huru, ubaki kwao. Mtume (s.a.w.) akalibatilisha sharti hilo, akabainisha kuwa walaa ni ya aliyeacha huru, na kuwa sharti lisilokuwa na asili katika hukumu ya Allah ni batili hata likiwekwa mara mia. Hatulinganishi binadamu na simu, tunaitazama illa tu: muuzaji amepokea thamani, kisha akataka tunda la milki libaki kwake.

Katika kisa cha Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimnunua ngamia wake safarini, na Jabir akashurutisha ampande mpaka Madina. Hili lilikubaliwa, na madhehebu ya Hanbali wamechukua kwake ruhusa ya muuzaji kujibakishia manufaa maalumu. Mashafii wamelifasiri vingine. Hata tukichukua kauli ya Hanbali, ambayo ndiyo pana zaidi kwa muuzaji, manufaa ya Jabir yalijulikana na yalikuwa na mwisho: wakifika Madina, ngamia ni wa mwenyewe. Kufuli la kiwanda halina Madina. Mtu analipa, anatumia miaka kumi, kiwanda chenyewe kinaweza kufilisika, na ufunguo bado hajaupata.

Aliyeambiwa na asiyeambiwa

Watasema tena: Waislamu hufungamana na masharti yao, na mnunuzi alikubali. Kweli, na maana ya hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi na wengineo, na imeongezwa humo isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Ibn Taymiyya alipanua mlango wa masharti kuliko wengi, akaona asili yake ni kusihi mpaka lije la kulibatilisha. Hatupingi. Lakini kukubali kunatanguliwa na kujua. Ni wanunuzi wangapi waliomsikia mwenye duka akiwaambia kuwa simu hii imefungwa na hawatakuwa na ufunguo? Maandishi ya kurasa nyingi yanayotokea baada ya kulipa na kufungua boksi si kuambiwa. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari ya siku tatu aliyenunua mnyama aliyefungwa chuchu ili kiwele kionekane kimejaa: ama ambakishe, ama amrudishe pamoja na pishi ya tende. Huyo muuzaji hakusema uongo kwa ulimi wake. Alinyamaza tu, na mnyama akasema kwa niaba yake.

Na hapa pana jambo tunalotaka maimamu walizingatie zaidi kuliko yote. Mashafii wameifasiri kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha kuwa ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, upungufu unaokosesha lengo lililo sahihi, ikiwa jinsi ya kitu hicho kwa kawaida haina upungufu huo. Angalia kifungu cha mwisho. Kompyuta ya mezani iliyofungwa leo ni yenye kasoro, kwa sababu nyingi za jinsi yake zinafunguka. Lakini simu za iPhone tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 2007 zimefungwa zote, na ni vigumu kwa mnunuzi wa leo kwenda kwa kadhi akadai kuwa hakutarajia. Ada imekwishatangulia. Hanafi nao wanafika hapohapo kwa njia nyingine, kwani Majalla inalikubali sharti lililozoeleka katika ada ya watu wa mji.

Maana yake ni kwamba hukumu hii haikusimama mahali pamoja. Kadiri watu wanavyonyamaza, ndivyo kufuli linavyotoka katika mlango wa kasoro na kuingia katika mlango wa ada, na haki ya kurudisha inakufa bila ya mtu kutoa fatwa. Mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza kuwa simu za Android zilizothibitishwa nayo zitakuwa hazikubali kwa kawaida programu ya mwandishi asiyejisajili kwake, hata ikiletwa kutoka nje ya duka lake, na ikataja Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand kuwa za kuanzia Septemba 2026. Watu walipolalamika, mwezi Novemba 2025 ikasema itawawekea wazoefu njia ya kupita kwa kukiri hatari. Malalamiko hayo, kwa mtazamo wa fiqhi, ni katika kuizuia ada isikae.

Kufunga baada ya kuuza

Kuna sura mbaya zaidi ya hizi zote, na tunashangaa haikupigiwa kelele inavyostahiki. Sony iliuza mashine yake ya michezo, PlayStation 3, ikiwa na njia rasmi ya kuweka Linux. Watu walinunua kwa ajili hiyo. Hata jeshi la anga la Marekani liliunganisha zaidi ya mashine 1,700 za aina hii kufanya kompyuta moja kubwa ya utafiti. Tarehe 1 Aprili 2010 kampuni ikatoa programu mpya iliyoiondoa njia hiyo, kwa hoja ya usalama. Asiyetaka kuiweka alikosa kuingia katika mtandao wa michezo; aliyeiweka akapoteza Linux yake. Wanunuzi wakashitaki mwaka huohuo, na shauri likaishia kwa suluhu ya fedha baada ya miaka kadhaa.

Hili halihitaji mjadala wa masharti. Sharti, kwa wanaolikubali, huwekwa ndani ya mkataba au kabla yake, si baada ya thamani kulipwa na mali kukabidhiwa. Aliyeuza nyumba kisha akarudi usiku akaziba mlango mmoja amevamia mali ya mtu.

Makufuli tusiyoyakataa

Uadilifu unatulazimisha tutaje pia yaliyo halali. Katika miji yetu simu nyingi sasa huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, na mnunuzi akichelewa simu hujifunga. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika azimio lake nambari 51 la mwaka 1990 mjini Jeddah, lilisema kuwa muuzaji hana haki ya kujibakishia milki baada ya kuuza, lakini anaweza kushurutisha kitu hicho kiwe rahani kwake mpaka alipwe. Katika Minhaj kushurutisha rahani ya kitu kilekile kilichouzwa hakukubaliwi, nasi tunalijua hilo, ila kauli ya Baraza ndiyo iliyowawepesishia watu. Kwa msingi huo kufuli la mdai linaeleweka, na lina mwisho: siku ya malipo ya mwisho lazima liondoke. Basi angalia ajabu hii, kuwa aliyekopa anaahidiwa kufunguliwa, na aliyelipa taslimu amefungiwa milele.

La pili ni kufuli la kuzuia dhara kwa wengine. Vifaa vya kusambazia Wi-Fi vinaweza, vikichezewa, kurusha mawimbi yanayoingilia rada za hali ya hewa za viwanja vya ndege. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipoweka kanuni za kuzuia hayo, baadhi ya viwanda vikafunga kifaa kizima. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ikamalizana na kampuni ya TP-Link kwa faini ya dola 200,000 kwa kosa la mawimbi, na papo hapo kampuni ikakubali kushughulikia njia ya watu kuweka programu huru katika vifaa vyake. Dhara huondolewa kwa kadiri yake. Jirani huzuiwa dirisha linalochungulia ua wa wanawake, hazuiwi kuwa na madirisha.

Kuvunja kufuli

Limebaki swali la vijana: je, tuvunje? Kwanza itenganishwe mali na mali. Programu ya kiwanda ina mwenyewe, na Baraza hilohilo, katika azimio nambari 43 la mwaka 1988 nchini Kuwait, limezitambua haki za watunzi na wavumbuzi kuwa ni haki zinazolindwa kisharia. Anayevunja kufuli ili apate programu au michezo ya kulipia bila ya kulipa anakula mali ya watu. Hatumtafutii udhuru. Lakini anayeiondoa programu ya kiwanda akaweka yake hakugusa haki ya mtunzi hata kidogo, ameiacha. Anachokitumia ni chuma alichokinunua.

Pili ni sheria ya nchi anayoishi. Marekani, sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja makufuli ya kidijitali, lakini msimamizi wa Maktaba ya Bunge hupitia ruhusa maalumu kila miaka mitatu, na Julai 2010 aliruhusu kuzifungua simu ili ziendeshe programu nyingine zilizo halali. Ulaya, kuanzia Machi 2024 Apple imelazimika kwa sheria ya masoko ya kidijitali kuruhusu maduka mengine ya programu katika iPhone. Aliye chini ya sheria inayoruhusu hana dhambi. Aliye chini ya sheria inayokataza aitazame ahadi aliyoingia kwa kuishi hapo, na amuulize mwanachuoni wa mji wake. Na vyovyote iwavyo, avunjaye asirudi kwa muuzaji kudai dhamana ya kitu alichokiharibu kwa mkono wake.

Tunawageukia sasa ndugu zetu wasimamizi wa madrasa na waqfu, kwani kwao jambo hili si la nadharia. Katika sharti za kitu cha waqfu ni kuwa kinufaishe huku chenyewe kikibaki. Msimamizi anayenunua kompyuta ishirini kwa mali ya waqfu amuulize muuzaji kabla ya kulipa: je, kufuli la kuwashia linazimika, na je, mashine inakubali mfumo mwingine? Aombe iwashwe mbele yake na afunguliwe ile sehemu ya mipangilio aone kwa macho yake. Ni kazi ya dakika tano. Akiambiwa inafunguka, aandikishe katika risiti. Zikifika zikakutwa zimefungwa, azirudishe bila kuchelewa na asizitumie kwanza, kwani katika madhehebu yetu haki ya kurudisha kwa kasoro ni ya papo hapo, na kuendelea kuitumia mali baada ya kuijua kasoro yake huhesabiwa kuwa ni kuridhika nayo.

Wallahu aalam.